Spana na Daftari: Uanagenzi wa Mafundi wa Viwanda vya Dawa na Mitaa ya Eastlands

Fundi mitambo wa kiwanda cha dawa jijini Nairobi hufunzwa kazi mbili kwa wakati mmoja: kuitengeneza mashine, na kuandika kila alichoitendea mashine hiyo. Kazi ya kwanza ni kongwe. Iliingia Nairobi pamoja na reli. Ya pili ni changa, na ndiyo iliyomtofautisha fundi huyu na wenzake wa viwanda vya sabuni, mabati na unga. Uanagenzi wake umefungamana na mitaa ya Eastlands, kuanzia Pumwani na Makongeni hadi Umoja na Kayole, kwa sababu huko ndiko nguvukazi ya Eneo la Viwanda ilikopangiwa kuishi. Kwa hiyo historia yake ni ya mikono na ni ya karatasi pia: nani aliyeandika habari za fundi, na ni lini fundi mwenyewe alikabidhiwa kalamu.

Reli kutoka Mombasa ilifika Nairobi mwaka 1899. Ilijengwa na wafanyakazi wapatao 32,000 walioletwa kutoka India, wakiwemo wahunzi, waashi, maseremala na mafundi wa boila. Wengi walirudi kwao mikataba ilipokwisha. Miongoni mwa waliobaki, wapo waliofungua karakana zao na wapo walioendelea kuajiriwa na reli. Karakana za reli za Nairobi zikawa shule kubwa ya ufundi mitambo katika koloni, ingawa hakuna aliyeziita shule. Ndani yake kazi ziligawanywa kwa rangi ya ngozi: msimamizi alikuwa Mzungu, fundi alikuwa Mhindi, na Mwafrika alikuwa msaidizi wa kubeba, kusukuma, kupangusa grisi na kupokeza spana. Mishahara ilifuata ngazi hizo hizo. Hata hivyo, msaidizi aliyesimama kando ya fundi mwaka baada ya mwaka hakukosa kujua. Ujuzi mwingi wa mwanzo wa Waafrika wa Nairobi katika kukereza chuma, kuchomelea na kutunza boila ulipatikana hivyo, kwa kutazama, bila mkataba wa kufundishwa na bila cheti.

Karatasi aliyokuwa nayo msaidizi huyo ni kipande. Sheria ya kuwasajili Waafrika ilipitishwa mwaka 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alitakiwa kubeba hati yenye alama za vidole vyake, jina la mwajiri wake na mshahara wake, mara nyingi ndani ya kikopo cha chuma kilichoning'inizwa shingoni. Mwajiri ndiye aliyeandika humo, na ndiye aliyetia sahihi ya kumruhusu aondoke. Aliyetoroka kazi alisakwa kwa hati hiyo. Kipande hakikueleza mtu anajua nini; kilieleza anamfanyia nani kazi na kwa ujira gani, na ujira huo ulioandikwa ukamfuata hata kwa mwajiri aliyefuata. Mtu aliyejifunza ufundi kwa macho hakuwa na njia ya kuonyesha kwamba thamani ya mikono yake imepanda. Mfumo huo ulidumu hadi mwaka 1947, na ni vigumu kuueleza ufundi wa Nairobi wa kipindi hicho bila kuukumbuka, kwa sababu uliwafundisha vijana wa kizazi kizima kuogopa chochote kinachoandikwa kazini.

Nyumba nazo zilijengwa kwa fikra hiyo hiyo. Pumwani ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 kuwa mtaa rasmi wa Waafrika. Reli ikajenga Muthurwa na Makongeni kwa ajili ya watu wake. Shauri Moyo ilifuata mwishoni mwa miaka ya 1930, kisha Ziwani, Starehe na Kaloleni. Vyumba vingi vya mitaa hiyo ya mwanzo vilikusudiwa wanaume walioacha jamaa zao mashambani, nao walilala wengi katika chumba kimoja. Serikali iliamini kwamba mfanyakazi Mwafrika ni mpita njia mjini, na kwamba kwao ni katika maeneo yaliyotengewa kabila lake. Imani hiyo iliukaba ufundi. Kumfunza fundi mitambo huchukua miaka, na waajiri wachache waliona faida ya kutumia miaka hiyo kwa mtu aliyehesabiwa kuwa mgeni wa muda. Kulikuwa na chuo cha serikali cha ufundi huko Kabete tangu mwaka 1924, lakini kilikuwa upande wa pili wa mji, na sifa yake kubwa ilikuwa useremala na uashi.

Mpango mkuu wa jiji wa mwaka 1948 uliuchora mgawanyo huo upya, ukayathibitisha maeneo ya viwanda kusini mwa mitaa ya Waafrika. Barabara ya Doonholm, ambayo leo ni Jogoo, ikawa njia ya kuwapeleka watu kazini asubuhi na kuwarudisha jioni. Wakazi wa Eastlands hawakupokea mpangilio huu kimya. Tarehe 23 Aprili 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, Makhan Singh, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, alitoa hoja ya kudai uhuru wa nchi za Afrika Mashariki. Mwezi uliofuata yeye na kiongozi mwenzake Fred Kubai walikamatwa, na mgomo mkubwa ukasimamisha kazi Nairobi kwa siku kadhaa. Miaka minne baadaye, tarehe 24 Aprili 1954, majeshi ya kikoloni yaliuzingira mji katika msako wa wafuasi wa Mau Mau uliopewa jina la Operesheni Anvil. Makumi ya maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru waliondolewa Nairobi na wengi wakapelekwa kambini. Karakana na viwanda vilipoteza wasaidizi wenye ujuzi kwa mpigo mmoja, na nafasi zao zikachukuliwa na wanaume kutoka Nyanza, magharibi mwa Kenya na Ukambani ambao ilibidi waanze kujifunza upya.

Mwaka huo huo wa 1954 kamati iliyoongozwa na F. W. Carpenter ilipendekeza mshahara wa kumwezesha mfanyakazi wa mjini kuishi na mke na watoto. Mitaa ya Ofafa, Mbotela, Jericho na Maringo ilijengwa katika kipindi hicho. Miwili ya kwanza ilipewa majina ya Ambrose Ofafa na Tom Mbotela, viongozi wa Nairobi waliouawa wakati wa Hali ya Hatari. Hapa ndipo uanagenzi wa maana ulipoanza kuwezekana. Familia iliyokaa Jericho miaka ishirini iliweza kumpeleka mtoto shule jirani, kumtafutia nafasi kwa fundi inayemfahamu, na kumlisha nyumbani alipokuwa bado analipwa kidogo. Nyumba ya kudumu ilikuwa sharti la kwanza la ufundi wa kudumu.

Viwanda vya dawa vilichelewa kufika. Kwa sehemu kubwa ya ukoloni dawa zililetwa zikiwa tayari kutoka Uingereza, zikauzwa katika maduka ya wafamasia kama Howse & McGeorge, au zikapelekwa hospitali za serikali na za misheni. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia kampuni za ng'ambo zilianza kuona kwamba ni nafuu kuleta unga na mafuta kwa mapipa na kuchanganya, kukandamiza na kupakia papa hapa. Bodi ya Famasia na Sumu iliundwa mwaka 1957 kusimamia biashara hiyo. Kampuni ya Boots ilikuwa na kiwanda Nairobi, ambacho baadaye kilirithiwa na Beta Healthcare. Katika Barabara ya Likoni kulikuwa na kiwanda kilichokuja kuwa cha GlaxoSmithKline, kilichofahamika mno kwa Panadol. Kampuni za Wakenya wenye asili ya Kiasia zilifuata, kama vile Cosmos karibu na Barabara ya Lunga Lunga. Katika miaka ya 1970 serikali nayo iliingia kwa ubia na kampuni ya Krka ya Yugoslavia, ambayo leo ni ya Slovenia, wakajenga Dawa Pharmaceuticals huko Baba Dogo, Ruaraka. Kwa kiwanda hicho ramani ya kazi iliongezeka upande wa kaskazini: kijana wa Kariobangi au Dandora hakuhitaji tena kuvuka Jogoo ili kuiona mashine ya vidonge.

Sheria ilikuwa imetangulia kidogo. Sheria ya Mafunzo ya Viwandani ya mwaka 1959 iliweka utaratibu wa mkataba wa uanagenzi: mwajiri, kijana na, akiwa bado mdogo, mzazi au mlezi wake, walitia sahihi mbele ya serikali, na mkataba ukasajiliwa. Mwajiri aliahidi kufundisha kazi iliyotajwa kwa jina, kumruhusu mwanagenzi aende chuoni kwa vipindi, na kumlipa posho iliyoongezeka mwaka hadi mwaka. Kijana aliahidi kutii na kumaliza muda. Ikilinganishwa na kipande, hati hii iligeuza mambo: sasa karatasi ilimwajibisha mwajiri kwa fundi. Marekebisho ya mwaka 1971 yaliongeza ushuru wa mafunzo, uliotozwa waajiri wote wa sekta husika na kurudishiwa wale waliofundisha. Aliyekataa kufundisha alilipia mafunzo ya jirani yake. Ushuru huo upo hadi leo. Kwa agizo la mwaka 2007 kila mwajiri hutoa shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi.

Kituo cha serikali cha mafunzo ya viwandani kilikuwa katika Barabara ya Commercial, ndani ya Eneo la Viwanda lenyewe, mwendo wa miguu kutoka Makongeni na Mbotela. Huko mwanagenzi alijifunza tupa, lethi, umeme na michoro, akarudi kiwandani, kisha akarudi tena kituoni. Waliofuzu zaidi kimasomo walikwenda Kenya Polytechnic, iliyoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kwa asiye na mkataba kulikuwa na mtihani wa gredi: Gredi ya Tatu, ya Pili, kisha ya Kwanza. Mtihani huu ulikuwa wa haki kwa namna yake, maana haukuuliza mtu alijifunzia wapi. Ulimpa chuma, mchoro na saa za kutosha, ukaipima kazi yake. Msaidizi wa zamani wa karakana ya Mhindi, ambaye kipande kilimnyima jina la fundi, aliweza kulipata hapo.

Siasa za baada ya uhuru zilifungua nafasi zaidi. Sheria za uhamiaji na za leseni za biashara za mwaka 1967 ziliwafanya Waasia wengi wasio na uraia wa Kenya kuondoka, wengi wakielekea Uingereza mwaka 1968. Waliondoka na ujuzi uliokuwa umelimbikizwa kwa vizazi viwili. Kenneth King, katika kitabu chake The African Artisan cha mwaka 1977, alionyesha jinsi ujuzi wa karakana za Kihindi ulivyokuwa umekwisha kuvuka hadi kwa mafundi Waafrika waliofanya kazi mahali pa wazi Gikomba na kwingineko. Hilo linaeleza kwa nini Eneo la Viwanda halikusimama. Fundi mkuu aliondoka, na msaidizi wake akashika nafasi.

Kilichomkuta mwanagenzi ndani ya kiwanda cha dawa kilikuwa tofauti na karakana yoyote aliyoijua. Alianza kwa kawaida mbali na dawa: kwenye boila, kompresa ya hewa, jenereta na pampu. Mvuke hupasha joto matangi na kuua vijidudu. Hewa iliyokandamizwa huendesha vali na mashine za kupakia, na lazima iwe kavu na isiyo na mafuta. Kutoka hapo alipelekwa kwenye maji, na wengi walioipitia kazi hii huyaona maji kuwa somo gumu kuliko mashine. Maji ya jiji hutoka Sasumua na Ndakaini yakiwa na klorini. Ya visima vya Nairobi mara nyingi yana floridi nyingi. Yote mawili hayafai kutengenezea dawa kama yalivyo. Huchujwa, hulainishwa, kisha husukumwa kupitia utando mwembamba unaozuia chumvi. Yakishakuwa safi hivyo, hatari huongezeka badala ya kupungua, kwa kuwa klorini iliyokuwa ikiwazuia bakteria imeondolewa. Ndiyo sababu maji hayo huzungushwa bila kusimama katika mabomba ya chuma kisichoshika kutu, yaliyochomelewa yakawa laini kwa ndani, bila kona iliyokufa ambamo maji yanaweza kutuama. Mchomeleaji aliyezoea kutengeneza mageti ya nyumba za Buru Buru alilazimika kujifunza upya: hapa uzuri wa mshono ni wa upande usioonekana.

Baada ya maji, hewa. Chumba cha kukandamiza vidonge huwekewa msukumo wa hewa mdogo kuliko korido, ili vumbi la dawa moja lisitoke na kuingia katika dawa nyingine. Chumba cha kujazia dawa za sindano huwekewa msukumo mkubwa zaidi, ili uchafu wa nje usiingie. Mwanagenzi anayebadilisha kichujio au mkanda wa feni bila kuelewa tofauti hiyo anaweza kuharibu kazi ya wiki nzima pasipo kusikia mlio wowote wa hitilafu. Vichujio vya daraja la juu huzuia angalau asilimia 99.97 ya chembe za ukubwa wa mikroni 0.3, lakini ufa mdogo kwenye fremu huvifanya vyote kuwa bure.

Mashine ya vidonge ndiyo aliyoitamani kila mwanagenzi. Asili yake ni ya karne ya kumi na tisa: William Brockedon alipata hataza yake London mwaka 1843 kwa chombo cha kukandamiza unga. Mashine za kisasa zina meza inayozunguka yenye matundu mengi. Unga hujaa kwenye tundu, kisha chuma cha juu na cha chini hukutana na kuubana. Uzito, unene na ugumu wa kidonge hurekebishwa kwa vipimo vya sehemu ndogo sana za milimita. Kidonge kikitoka na kichwa kilichobanduka, sababu inaweza kuwa mwendo wa kasi mno, hewa iliyonaswa katika unga, unga uliokauka kupita kiasi, au chuma kilicholika ukingo. Fundi husema ni unga. Mfamasia husema ni mashine. Kujua ni nani aliye sahihi ndiko kulikomtenganisha aliyehitimu na anayejifunza, na ujuzi huo haupatikani vitabuni. Hupatikana kwa kuukamata unga mkononi, kuisikiliza mashine, na kukaa karibu na mtu aliyeliona tatizo hilo mara nyingi.

Hadi hapa uanagenzi huu ungeweza kufanana na wa reli. Kilichoubadilisha ni kanuni za utengenezaji bora wa dawa, ambazo Shirika la Afya Duniani liliziidhinisha mwaka 1969. Kanuni kama hizo zilizaliwa, na baadaye zikakazwa, kutokana na vifo. Mwaka 1937 dawa ya maji iliyochanganywa na kiyeyushi chenye sumu iliua zaidi ya watu 100 Marekani. Mkasa unaomhusu fundi kwa karibu zaidi ni wa Uingereza. Chupa za maji ya sukari ya kutundikia wagonjwa zilitengenezwa Speke, Liverpool, mwaka 1971. Chombo cha kuzichemshia kwa mvuke kilikuwa na hitilafu, hewa ikabaki chini, na chupa za safu ya chini hazikufikia joto la kuua vijidudu. Kipimajoto cha chini kilionyesha hivyo. Waendeshaji walidhani ni kipimajoto kilichoharibika, wakafuata cha juu. Mwaka uliofuata wagonjwa watano walikufa katika hospitali ya Devonport, Plymouth. Ripoti ya uchunguzi ilionyesha kwamba mashine ilikuwa imesema kweli, na waliokuwa kando yake hawakuisikiliza.

Kutokana na mikasa kama hii, daftari liliwekwa sawa na spana. Kila mashine ina kitabu chake. Fundi huandika tarehe, saa, hitilafu, sehemu aliyobadilisha, grisi aliyotumia na idadi ya vifaa alivyoingia navyo na kutoka navyo. Huandika kwa wino. Akikosea, hukata kwa mstari mmoja ili kilichoandikwa mwanzo kiendelee kusomeka, kisha hutia sahihi na tarehe pembeni. Kufuta au kupaka rangi nyeupe ni kosa kubwa kuliko kosa lenyewe. Mashine mpya huthibitishwa mara tatu: kwamba imefungwa sawa, kwamba inafanya kazi sawa, na kwamba inatoa dawa iliyo sawa mfululizo. Vipimo vyote hufanyiwa kalibresheni kwa ratiba. Dawa haitoki kiwandani ikiwa kurasa hizi hazijakamilika. Kukosekana kwa sahihi ya mwanagenzi wa Umoja, kijana wa miaka ishirini na mbili, kunaweza kuzuia shehena nzima. Ni kazi chache za mikono mjini humo zilizompa fundi wa ngazi ya chini uzito kama huo, na jambo hilo linastahili kuhesabiwa miongoni mwa mabadiliko makubwa katika historia ya wafanyakazi wa Nairobi.

Nje ya kuta za viwanda, Eastlands ilikuwa na uanagenzi wake wenyewe. Kamukunji, Gikomba, Shauri Moyo na baadaye Kariobangi zilijaa mafundi wa jua kali, yaani wa sekta isiyo rasmi, waliotengeneza masanduku ya bati, toroli, karai na majiko. Jiko la makaa lenye udongo ndani, lililoenea Kenya nzima katika miaka ya 1980, lilitoka mikononi mwa mafundi wa Shauri Moyo. Utaratibu wao ulikuwa kinyume cha ule wa kiwandani. Katika kiwanda mwajiri humlipa mwanagenzi. Katika jua kali mzazi humlipa fundi ada ili mtoto apokelewe, na mtoto huanza kulipwa anapoweza kutoa kazi inayouzika. Hakuna mkataba wa maandishi. Undugu Society, iliyoanzishwa na Padri Arnold Grol mwaka 1973, ilitumia njia hiyo hiyo kuwapatia ufundi vijana wa mitaani, ikiwaweka kwa mafundi wa Eastlands. Mwaka 1985 Rais Moi alizuru Kamukunji na kuamuru mafundi wajengewe vibanda, na tangu hapo serikali ikaanza kulitaja jua kali katika mipango yake.

Njia hizi mbili zilikutana mara nyingi kuliko nyaraka zinavyoonyesha. Kijana aliyejua kuchomelea Gikomba aliingia kiwandani kama kibarua, akaonwa na fomeni, akaingizwa idara ya matengenezo. Aliyestaafu kiwandani alifungua karakana Kariobangi. Katika miaka ya 1980, fedha za kigeni zilipokuwa adimu na vipuri vikihitaji leseni ya kuagizwa, fundi aliyeweza kukereza kipuri kutoka chuma cha kawaida alikuwa wa thamani kubwa. Mpaka ulikuwa mmoja tu, na wanagenzi walifundishwa mapema: sehemu inayogusana na dawa haitengenezwi kwa chuma kisichojulikana kimetoka wapi.

Miaka ya 1990 iliubomoa mkataba wa uanagenzi. Soko lilifunguliwa, dawa za bei nafuu zikaingia hasa kutoka India, mashirika ya umma yakauzwa au kufilisika, na kiwanda cha Baba Dogo nacho hatimaye kikaingia mikononi mwa watu binafsi. Kampuni zilizopunguza gharama zilianza na mafunzo. Mahali pa mwanagenzi wa miaka kadhaa palichukuliwa na mwanafunzi wa atachimenti wa miezi mitatu, anayeletwa na chuo na mara nyingi bila posho. Miezi mitatu inatosha kujua milango ya kiwanda. Haitoshi kuiona mashine ya vidonge ikiharibika kwa njia zake zote, wala mtu hawezi kukabidhiwa daftari kabla ya kuondoka. Hasara hiyo haikuonekana mara moja, kwa sababu mafundi wa miaka ya 1970 walikuwa bado kazini. Ilijitokeza walipoanza kustaafu.

Ukimwi ndio uliorudisha haja ya mafundi waliofunzwa kwa kina. Sheria ya Mali ya Viwandani ya mwaka 2001 ilifungua njia ya dawa za bei nafuu za kupunguza makali ya virusi, na mwaka 2004 Cosmos ilipata leseni ya hiari kutoka GlaxoSmithKline kutengeneza baadhi yake. Lakini wafadhili wakubwa walitaka dawa zenye idhini ya kimataifa, kama ile ya Shirika la Afya Duniani. Mwaka 2011 Universal Corporation ya Kikuyu ilipata idhini hiyo kwa dawa ya virusi yenye lamivudine na zidovudine, na mwaka 2022 ikaipata kwa dawa ya kuwakinga wajawazito dhidi ya malaria. Wakaguzi wa idhini hizo huanza kwenye maji, hewa na madaftari ya matengenezo. Mwaka 2014 Wizara ya Afya na shirika la UNIDO walitoa mwongozo wa hatua za kuvifikisha viwanda vyote vya Kenya, zaidi ya 30, katika viwango hivyo, na upungufu wa mafundi ukawa miongoni mwa mambo yaliyohitaji kushughulikiwa. Ng'ambo ya mpaka, Moshi, Shule ya Famasia ya Kilimanjaro ilikuwa imeanza tangu 2008 mafunzo ya juu ya utengenezaji dawa kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani, wanafunzi wakikandamiza vidonge kwa mashine halisi.

Sheria za mafunzo nazo zilisukwa upya. Marekebisho ya mwaka 2011 yaliunda Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, iliyorithi kituo cha Barabara ya Commercial pamoja na mikataba, ushuru na mitihani ya gredi. Sheria ya vyuo vya ufundi ya mwaka 2013 ilielekeza mafunzo yapimwe kwa kile mtu anachoweza kufanya. Sheria ya mwaka 2016 iliunda bodi ya kuwasajili mafundi sanifu wa uhandisi. Eastlands College of Technology, iliyoanzishwa chini ya taasisi ya elimu ya Strathmore, inafuata mfumo unaomgawa mwanafunzi kati ya darasa na kiwanda, jambo ambalo mkataba wa 1959 ulikuwa tayari umelidai. Wanawake, ambao kwa miongo mingi walionekana zaidi kwenye laini ya kupakia, sasa wanasomea umeme na mitambo katika vyuo hivyo.

Kwa fundi wa jua kali, Kenya imeweka utaratibu wa kuutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa: anapimwa kwa kazi yake na kupewa cheti, kama ulivyofanya mtihani wa gredi kabla yake. Cheti hicho humfikisha kwenye lango la kiwanda cha dawa. Akishaingia, hata awe na gredi gani, husomeshwa taratibu za kiwanda hicho moja baada ya nyingine, na kutia sahihi kwa kila utaratibu aliouelewa, na haruhusiwi kufungua mashine yoyote ambayo utaratibu wake hajautilia sahihi.